Ubao wa Mbuzi

Mbuzi ya mama ilivunjika mguu mwezi wa Rajabu.
Nikaung'oa ule ulimi wake wa chuma, kutu tupu, meno kumi na moja,
nikaufunga kwenye gazeti, nikauweka juu ya kabati.
Ubao nikabaki nao mapajani.

Wa mfenesi. Umanjano wake umeshageuka hudhurungi,
umelainika kama tasbihi ya kurithi.
Miaka thelathini na sita alikaa hapa,
akikuna nazi za futari, nazi za matanga,
nazi ya mchana ule nilioletwa nyumbani na sanduku langu
na karatasi moja ya kadhi, imekunjwa mara nne.
Siku ile hakusema neno. Alikuna.
Alikuna mpaka kifuu kikaingia katika tui,
wali ukawa na chembe nyeusi,
tukala.

Watu wa Limbani wana maswali ya upole:
"Mize, utakaa sana?"
Kana kwamba nimekuja kupima kitambaa.

Kuchonga chapa nilijifunza kwa macho,
kwa fundi Kombo aliyekuwa akitia alama magunia ya karafuu.
Patasi yangu ni ubavu wa mwavuli niliyoutilia makali juu ya jiwe.
Wino, masizi ya kibatari
na rangi iliyobaki koponi tulipopaka mlango.

Nilitaka kuchonga kitu cha maana.
Karafuu? Imo katika kila kikombe cha mgeni.
Asumini? Hilo la bibi arusi,
na langu lilishanikaukia kichwani.
Ndege? Ndege huondoka. Mie nimerudi.

Basi nikaupaka ubao wino vivi hivi, bila kuchonga,
nikalaza karatasi, nikaisugua kwa mgongo wa upawa,
polepole, pindo hadi pindo,
nikaibandua.

Weusi pande zote.
Katikati, weupe.
Sikugusa pale.
Ndipo ubao ulipobonyea, wino usifike:
mabonde mawili yaliyokaribiana
na baina yake kilima chembamba.
Mama. Uzito wake. Kikao chake.
Kumbe alichonga miaka yote ile bila patasi
nami nikidhani anakuna nazi.

Nikacheka, kisha nikalia, kisha umeme ukakatika,
nikaendelea kulia kizani kwa raha zangu.

Asubuhi nikaifikiria kanga.
Kanga ina pindo, ina mji, ina jina.
Yaliyomshinda kusema, mama aliyavaa;
akipita njiani, mgongo ukamsemea.
Hapa pindo ni weusi wake,
mji ameshaukalia.
Lililobaki ni jina.

Nikalichonga chini, herufi nne,
mkono unatetemeka, chenga za mfenesi zinanirukia kifuani.
M, miguu ya mbuzi kabla haijavunjika.
I, mtu mmoja.
Z, nilivyokwenda, nilivyopinda, nilivyorudi.
E, chanuo lenye meno matatu,
mengine yamebaki kwake.

Sikukumbuka kuzigeuza.
Karatasini zikatoka kinyume.

Faki, wa darasa la pili, akazifuata kwa kidole:
"E-zi-m. Ezim ndo nani, mama mdogo?"
Nilitaka kumwambia nimekosea.
Nilitaka kutafuta ubao mwingine,
lakini ubao mwingine haujakaliwa na mtu.
"Ni mie," nikamwambia.
"Ni mie, kwa anayenitazama kutoka upande wa ubao."

Akaichukua karatasi, akaiinua dirishani kwenye jua,
akaigeuza nyuma mbele, akasoma tena,
akatabasamu
kama mtoto aliyenikuta nilipojificha.

Wino ulikuwa haujakauka.
Kidole gumba chake kimebaki pembeni,
cheusi, kidogo,
pale ambapo kanga hutiwa namba ya kiwanda.